Mkwaruzo Ukumbini

Kwaru, kwaru. Hakujapambazuka, bibi akasikia mkwaruzo ukumbini, akadhani ni panya. Alishika ndala, akafungua mlango.

Alikuwa mume wa mjukuu wake, seremala mzima, akitambaa kwa magoti kwenda chooni. Mkojo ulikuwa umemtangulia. Sakafu imelowa, na kiganja chake kimo humo humo.

Harufu ilimpanda bibi puani. Ndiye huyu mvivu ambaye bibi alikuja kumwachanisha na mjukuu wake! Analala hadi jua kali, kisha mchana anatembea kama bwana harusi. Begi la mjukuu alishalifunga jana kwa mkono wake.

"Simama, mume wangu! Mbona mchana unasimama?"

"Mchana mwili umeshalegea, bibi. Asubuhi mgongo ni ubao. Na visigino hivi, daktari anasema ni uvimbe, pale kano inaposhika mfupa."

Bibi aliinama, akagusa. Nyuma ya kisigino palikuwa pamevimba, pa moto kama birika.

Mjukuu akatokea na ndoo na tambara bila kuitwa, kama mtu aliyezoea. Alifuta kwanza kiganja cha mumewe, sakafu baadaye.

Sasa bibi alijionea kinyaa mwenyewe. Akampokonya mjukuu tambara, akapiga magoti kwenye mkojo.

Kulipokucha aliondoka na begi lake tu. Seremala alimsindikiza hadi mlangoni, akishika ukuta.

"Mke wangu mkubwa," alisema, "usinichoke. Njoo tena utuone."