Mtutu wa Kushoto

Sheikhan alipoondoa moto alisikia mlio mdogo, kama kijiti kikavu kinachokatika.

Alikuwa anachomelea tu kile kipete cha mkanda kilichong'oka kwenye bunduki ya marehemu baba yao, yeye na mdogo wake. Kwa fundi wa mageti mjini Voi, chuma ni chuma. Hakujua kwamba mitutu ile miwili ilishikanishwa kwa lehemu tu, toka mwanzo hadi mwisho, na lehemu haistahimili moto wa gesi. Ilitiririka sakafuni kama nta, na mitutu ikaachana.

Aliibana pamoja kwa mikono miwili, glavu zikifuka moshi, kana kwamba ingekubali kurudiana.

"Wa kulia wa Sheikhan, wa kushoto wa mdogo wake," baba alikuwa akisema. "Bunduki ni moja. Sasa mtagombania nini?"

"Si nilikuomba, kaka, tuipeleke kwa fundi wa bunduki?"

Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni, vumbi la safari ya kutoka Ndara bado kwenye viatu.

Sheikhan alitaka kusema samahani. Badala yake aliinama kukwangua lehemu sakafuni.

Mdogo wake hakugomba. Alivua shuka begani, akauviringisha ndani yake mtutu wa kushoto.

"Huu ni wangu," akasema.