Mtoto Asizaliwe Tarehe Tisa

Cheruto alishika vyuma vya dirisha, uchungu wa kuzaa ukimkunja kama nguo inayokamuliwa. Mama yake alikuwa amemfungia ndani kwa kufuli tangu asubuhi.

"Mama, nifungulie! Gari ya kunipeleka hospitali Nakuru iko hapo kwa geti!"

"Dereva nimemwambia aende," mama akajibu kutoka nje, ufunguo ameuficha kifuani. "Baba yako alikufa tarehe tisa Mei. Ndugu yako pia, tarehe hiyo hiyo. Mjukuu wangu hatazaliwa leo. Jikaze mpaka kesho."

"Kwani huyu mtoto anajua kusoma kalenda?"

Mama akaendelea kumenya viazi.

Uchungu ukapoa. Cheruto akaweka kiganja juu ya tumbo, akangoja, akakisogeza upande, akangoja tena.

"Mama," akaita, "mtoto ameacha kucheza."