Kipande Kilichoitwa Tatu

Nje ya ofisi ya maji, watu wa mtaa wa mlimani walikuwa wakigonga ndoo tupu. Mwanakheri, mwandishi wa programu, alishindwa hata kukaa.

"Kifute hicho kipande cha programu, dada," alisema mkuu wake, Bwana Shekue, akichungulia dirishani. "Ndicho kinachowafungia maji kila adhuhuri."

Kipande kiliitwa Tatu. Desturi ya ofisi ile ilikuwa kukipa kila kipande cha programu jina la aliyekiomba.

Akili bandia iliyomsaidia kazi iliandika kwenye skrini: "Yaelekea ni mabaki ya zamani yasiyo na kazi. Nifute?"

"Usikisie," Mwanakheri akajibu. "Tumia kile kifaa kipya cha kupekua faili, ulifuate jina mpaka linapoanzia."

Skrini ikaruka faili hadi faili, ikatulia kwenye agizo: adhuhuri, funga mlimani, jaza tangi la wodi ya wazazi.

"Tatu ni nani?" Mwanakheri akauliza.

Bwana Shekue aligeuka taratibu. "Mkunga. Nilishamsahau. Miaka ile naye alikuja na ndoo, akaigonga hapo hapo nje."

Makelele yakazidi. Swali lilikuwa bado kwenye skrini: "Nifute?" Mwanakheri akaliacha, akaenda kushika kitasa cha mlango, awaeleze walio nje maji yao huenda wapi. Kilikuwa kinatetemeka.