Pindo la Kofia

Mtoto wetu alizaliwa wiki ya ishirini na tatu ya mimba, na sasa mashine ilikuwa ikimpumulia. Daktari alishika fomu akisubiri jibu: tuendelee na mashine, au waizime nimpakate mpaka mwisho.

"Mtakachoamua si kosa," alisema. "Ila nahitaji jibu kabla ya saa sita."

Mume wangu hakutulia. Aligusa pazia, akagusa mlango, akarudi kwenye pazia.

"Keti basi, unanitia kizunguzungu," nikamwambia.

Hakuketi. Muuguzi alimvisha mtoto kofia ya pamba, ikamfunika mpaka kidevuni. Hapo ufundi cherehani ukampanda mume wangu. Aliiomba ile kofia, akachomoa sindano aliyozoea kuichomeka kwenye ukosi, akaanza kuipunguza. Mikono yake ilitulia kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

Muuguzi akampa mkasi akate kitambaa kilichozidi.

"Hapana, dada," akasema bila kuinua macho. "Nguo ya mtoto haikatwi. Unaikunjia ndani, akikua unafumua."

Sindano ikasimama. Alikuwa amesikia maneno yake mwenyewe.

Nikamnyooshea daktari mkono. "Naomba kalamu."