Mbuzi Mahali pa Sura

Mama wa Swima aliona mbuzi kwenye kompyuta, chini ya jina la mtoto wake. Tovuti ile ilikuwa ya kutafuta watoto waliopotea wakati wa kukimbia vita.

"Rosette, mutoto yangu amekuwa mbuzi? Ulifuta ile foto? Mi sina ingine!"

Hiyo ilikuwa ofisini kwetu, katika mji wa Baraka. Nimepita miji mingi. Kwingine swali kama hilo hujibiwa kwa kelele. Rosette, fundi wetu wa tovuti, alivuta kiti, mama akae.

"Mama, hii ni tovuti ya kujaribia. Humu naweka tu mbuzi. Kompyuta hii inapandaka pikipiki mpaka mji wa Misisi. Bezi ba njiani bakiiba, baibe mbuzi. Sura za batoto iko kwenye tovuti ya kweli, na mi sizigusi."

"Nionyeshe."

Rosette alituma kwenye tovuti ya kweli marekebisho aliyokuwa akiyajaribu kwa mbuzi, kisha akaifungua. Ilikuja polepole, mtandao wetu ndio huo. Hapakuwa na mbuzi hata mmoja. Palikuwa na watoto, na katikati yao msichana mwenye kovu juu ya nyusi, na chini yake jina la Swima.

Mama akashika ncha ya kitenge, akaanza kupangusa vumbi la kioo cha kompyuta taratibu, kuanzia kwenye lile kovu.