Upawa wa Siagi

"Kompyuta haina chuki na mtu, Wouter," bosi alisema. "Kwa hesabu yake ya chakula, wiki hii zimepotea kilo nne za siagi. Ufunguo wa friji unao wewe."

Wouter, mwosha vyombo wa mgahawa huo wa Ostend kwa miaka kumi na tisa, aliuweka ufunguo mezani.

Mpishi akageuka kutoka jikoni pake, akachota upawa wa siagi iliyoyeyuka, kama kawaida yake, akaumwaga kwenye bakuli la mizani. Gramu themanini.

"Kila sahani ya samaki uliiandikia gramu ngapi kwenye kompyuta, bosi?"

"Thelathini."

"Basi mwizi ni mimi. Samaki aliyekaukiwa siagi simpi mtu, labda mama mkwe wako."

Bosi akafuta thelathini, akaandika themanini. Wouter akaushika mkono wa mpishi uliojaa mafuta, akashindwa kuuachia.

"Niachie, baba, samaki wanaungua."