Darasa la Bi Mkaguzi

Mkono wa shati ulikuwa umeshonwa mahali pa kola.

Bi Mkaguzi aliliinua shati lile juu, akaligeuza taratibu ili darasa zima lijionee. "Hebu nielezeni. Atakayevaa hili, kichwa atakitolea wapi? Kwapani?"

Wanawake tisa waliinamisha nyuso. Mwenye shati, ambaye Bi Mkaguzi alikuwa amembandika jina la Mkono Mzito tangu Jumatano ya kwanza, alijikuna shingo.

"Nisamehe, Mwalimu. Nimechanganya."

"Hujachanganya, mama. Anayechanganya ni mwenye vitu viwili kichwani."

Darasa liliangua kicheko. Bi Mkaguzi naye alicheka mpaka akapaliwa, na Mkono Mzito ndiye aliyekimbilia kumletea maji.

Miaka thelathini na mmoja alikuwa amekagua shule. Walimu wazima, wenye ndevu zao, walikuwa wakimwona langoni wanasahau hata tarehe. Kisha akastaafu, mumewe akafariki mwaka uleule, na binti yake wa pekee yuko mbali, wanaonana kwa simu tu. Akabaki na nyumba ya vyumba vinne isiyo na mtu wa kukagua. Basi akawageukia majirani. Muuza maziwa alipewa alama nne kwa kumi. Jogoo wa nyumba ya pili aliandikiwa barua ya onyo, nakala kwa ofisi ya mtaa.

Huenda ni barua hiyo iliyomleta afisa wa mtaa mlangoni, kofia mkononi, sauti ya asali.

"Mama, kuna wanawake wanatafuta mtu wa kujitolea awafundishe kushona. Tukajiuliza, nani kama wewe?"

Kushona? Maishani mwake alikuwa ameshona mapazia mawili, tena chuoni, moja refu kuliko jingine. Lakini mkaguzi hana neno "sijui". Alikubali chai haijapoa.

Sasa ulikuwa mwezi wa sita wa mafunzo. Kila Jumatano saa tatu asubuhi alikuwa mbele ya ukumbi wa mtaa, rula mkononi, vyerehani vitano vimepangwa mbele yake. Alichokosa kwa ujuzi alikifidia kwa sauti. Siku moja cherehani chake kilikwama, akakipiga makofi ubavuni kama punda mkaidi. Mkono Mzito alisogea, macho yakiwa dirishani, akagusa bobini kwa kidole kimoja. Cherehani kikaanza kuimba.

"Bahati ya mjinga," alisema Bi Mkaguzi.

"Ndiyo hiyo, Mwalimu."

Kilichomkera zaidi ni maswali yao. Ungewaambia waulize kuhusu pindo, wao wangeuliza: umelala salama, Mwalimu? Dawa ya presha umeshakunywa? Jumapili ulikula na nani? Mmoja aliyekaa nyuma alikuwa na daftari, kila mara anaandika, ilhali mshono wake ulikwenda upogo kama njia ya mlevi.

"Vichwa maji watupu," alimwambia binti yake kwenye simu. "Nikikosa wiki moja tu, wamekwisha hawa."

"Basi usikose, mama. Naona siku hizi unacheka."

"Nacheka ujinga wao!"

Na kweli hakukosa. Goti lilivimba, akaenda. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, akaenda na buti za marehemu mumewe. Siku hiyo ya mvua alimkuta Mkono Mzito amefika kabla yake, amekaa peke yake ukumbini, na jambo lisilo la kawaida likampata: alimwonea huruma. Akamshika mkono. Kiganja kilikuwa kigumu, kidole gumba kina sugu.

"Sikia, mwanangu. Mimi sitakuacha. Nitakufanya fundi, hata ikiwa ndiyo kazi yangu ya mwisho duniani."

Mkono Mzito alitazama sakafu. Alipoinua uso, macho yalikuwa yamejaa machozi. "Asante, Mama," alisema. Hakusema Mwalimu.

Siku ya kufunga mafunzo, Bi Mkaguzi alivaa gauni lake la ukaguzi na miwani ya mnyororo. Vyeti tisa alikuwa ameviandika kwa mkono wake. Mkono Mzito alipewa alama tano kwa kumi, moja ikiwa ya huruma. Hotuba yake ilikuwa na kurasa kumi na moja, kichwa chake "Nilivyowatoa Gizani".

Yule afisa wa zamani alikuwa amehamishwa. Mahali pake alikuja kijana mwenye tai pana, mgeni wa siku tatu ofisini, kwapani ameshika faili. Alisimama, akalifungua, akasafisha koo.

Mkono Mzito alinyanyuka ghafla. "Afisa, samahani, hiyo karatasi si ya kusoma hapa..."

"Kaa chini!" Bi Mkaguzi alimkata. "Miezi sita na adabu bado hujajifunza? Mgeni akisimama, mwanafunzi anakaa."

Mkono Mzito alikaa. Wanawake wote tisa walitazama viatu vyao. Yule mwenye daftari alilifunga.

"Endelea, mwanangu," alisema Bi Mkaguzi, akijiweka sawa kitini. "Tena soma kwa sauti, hawa wa nyuma ni wazito."

Kijana aliongeza sauti. "Ofisi inawashukuru kwa dhati mafundi cherehani tisa wa soko kuu, ambao kwa miezi sita wamefunga vibanda vyao kila Jumatano, bila malipo, wakajitolea katika mpango wetu wa kuwaliwaza wazee wapweke. Idadi ya wazee waliohudumiwa: mmoja."